Uso wa Kocha Ambokile

Marselina Magembe alianza kucheza netiboli akiwa na miaka thelathini na saba, uzito wa kilo themanini na tatu, na maneno ya daktari kwamba presha yake inapanda kwa sababu ya kukaa. Kukaa ndiyo ilikuwa kazi yake. Tangu alipohamishwa kutoka Sengerema kuja Kibaha alikuwa masijala, kwenye dirisha la mafaili, na kwa miaka tisa alikuwa anainuka kitini kwa mambo mawili tu: kutafuta faili na kwenda kunywa chai.

Aliyemvuta uwanjani ni Holo, jirani yake wa Mkuza, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita. Siku moja Holo alimkuta anaanika nguo, akasimama akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mama Elina," akasema, "na urefu huo wote unaanikia nguo tu?"

Timu yenyewe ilikuwa wanawake kumi na wanne wa Mkuza na Mbwawa: muuguzi mmoja, walimu wawili, mama mwenye duka la vipuri vya pikipiki, wengine walima mboga. Karibu wote hawakuwa wameshika mpira tangu shule ya msingi. Walikutana mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, kwenye uwanja wa shule. Katika netiboli ni wachezaji wawili tu wanaoruhusiwa kufunga, na kocha aliwapa kazi hiyo Marselina kwa urefu wake na Holo kwa wepesi wake.

Kocha Ambokile alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, Mnyakyusa wa miaka sitini na moja, mtu wa maneno machache. Hakutukana wala hakufoka. Tatizo lilikuwa uso wake. Marselina akirusha mpira, kocha aliyesimama kule kati alikunja ndita mbili katikati ya nyusi, akabana macho, akakaza midomo kama mtu aliyeonja shubiri. Mpira ukikosa, uso ulikuwa huo. Mpira ukiingia, uso ulikuwa huo huo hata alipopiga makofi, na Marselina akajisemea kwamba labda umeingia vibaya.

Jambo la ajabu ni kwamba akiwahi uwanjani kabla ya wenzake, peke yake, alikuwa anaingiza mipira saba au minane kati ya kumi. Kocha akifika, anaingiza mitatu. Mwezi wa pili ulipoisha alikuwa amechoka na nafsi yake.

"Nadhani nitaacha," alimwambia mumewe, Herman, wakiwa wanakula.

"Kwa nini tena? Presha si imeshuka?"

"Kocha hanipendi."

"Amekuambia?"

"Hajaniambia. Namwona."

Herman, ambaye kila siku alikwenda na kurudi Dar kikazi na hakuwa na nguvu ya kubishana saa za chakula, alisema basi aongeze mwezi mmoja halafu aamue.

Kabla mwezi haujaisha akaja Recho. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea saikolojia ya michezo, na alibeba kompyuta, chupa ya jeli, na kofia ya kitambaa iliyojaa vitufe na nyaya. Aliomba ruhusa kwa kocha, kisha akaongea na wanawake wakiwa wamekaa kwenye nyasi.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Mtu anayeanza mchezo akiona mwenzake amefurahi, au amekereka, ubongo wake unafanya nini? Na baada ya hapo mikono yake inafanya nini?"

Mama wa duka la vipuri aliikodolea macho ile kofia. "Hiyo inachukua nini kichwani?"

"Haichukui kitu, mama, wala haiingizi kitu. Ubongo una umeme wake mdogo sana. Kofia inausikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza moyo."

"Na mawazo yangu?"

"Mawazo hayaonekani. Hata ukinisema vibaya humo ndani sitajua."

Hapo wakacheka, na wakaanza kupanga foleni. Holo ndiye aliyekataa. Kofia ilitaka vitufe viguse ngozi ya kichwa, na yeye alikuwa amesukwa rasta juzi yake kwa muda wa saa saba. "Ubongo wangu utapimwa nikifumua," alisema. "Kwa sasa upo likizo." Marselina alikuwa amenyoa nywele fupi, kwa hiyo akawa wa kwanza.

Walimkalisha darasani, jeli ya baridi ikamtiririka kisogoni. Kwenye kompyuta aliona mtu anarusha mpira kuelekea kwenye pete, lakini kabla mpira haujafika picha ilikatika, ukatokea uso wa mtu anayetazama. Mara uso wa furaha, mara uso mkavu usio na habari, mara uso wa kukereka. Sura zilipita zaidi ya mia. Baada ya kila kundi la sura alivuliwa nyaya, akatoka nje kurusha mipira kumi, akarudi kukaa. Ilichukua jioni nzima, na ilipokwisha alihisi kama mtu aliyefanya mtihani bila kupewa maswali.

Siku tatu baadaye Recho alimfungulia kompyuta.

"Hii ni mistari yako, dada. Hapa unaona sura ya furaha. Inapanda kidogo. Hapa ni sura kavu, hivyo hivyo. Sasa tazama hapa, sura ya kukereka."

Mstari ulikuwa umeruka juu kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ukachukua muda mrefu kushuka.

"Ninaumwa?" Marselina aliuliza.

"Huumwi. Wengi wanaoanza wako hivyo, ingawa wewe umewazidi kidogo. Wachezaji wa siku nyingi niliowapima, mstari unaruka kidogo tu kisha unatulia. Inaonekana, na nasema inaonekana kwa sababu kazi bado haijaisha, kwamba anayeanza hajajua kama amerusha vizuri au vibaya. Mikono yake haijamwambia bado. Kwa hiyo anakwenda kuuliza kwenye nyuso za watu."

Marselina alitembea hadi nyumbani akiyageuza maneno hayo kichwani. Kuuliza kwenye nyuso za watu. Basi asiulize. Wiki nzima alijikataza kumtazama kocha, na ilikuwa kama mtu kuambiwa asijikune. Alijaribu kutazama viatu vyake, lakini kutoka viatuni hadi usoni si mbali, na macho yalipanda yenyewe. Jumamosi ile aliingiza mipira miwili kati ya kumi.

Wakati huo Recho alikuwa ameanza kurekodi video za mazoezini. Aliweka simu kwenye kijiti, ikawatazama watu wa pembeni badala ya wachezaji, ili apate hisia za kweli na siyo zile za kuigiza. Jioni moja, wengine walipokuwa wanakunywa maji, alimwita Marselina pembeni.

"Nisaidie kitu. Nimezima sauti, na kila kipande nimekikata kabla kocha hajapiga makofi. Hapa mtu anarusha mpira, lakini anayeonekana ni kocha peke yake. Wewe niambie mpira umeingia au haukuingia."

Marselina alitazama zile ndita. "Haukuingia."

"Uliingia. Na huu?"

"Huu nao haukuingia."

"Uliingia."

Walikwenda hivyo mara kumi. Marselina alipatia nne.

"Hata mimi nilipatia nne," Recho alisema. "Uso wake haubadiliki, dada. Kwenye kazi yangu sijui nimweke kundi gani."

Marselina aliendelea kuitazama video. Miaka tisa ya kukaa dirishani ilikuwa imemfundisha kutazama watu. Aliweza kumjua aliyepoteza stakabadhi kweli na aliyeitupa mwenyewe kabla hawajafungua midomo. Aliomba video nzima, isiyokatwa, yenye benchi ndani, ianze upya, polepole, na safari hii akaziacha ndita, akafuata macho. Mpira ulirushwa. Macho ya kocha yalibana kuelekea kwenye pete, yakakaa pale kidogo, halafu yakakimbilia benchi lililokuwa karibu naye, walipokaa wachezaji wa akiba. Wale wa benchi wakanyanyua mikono, ndipo kocha naye akapiga makofi. Mpira wa pili, macho yakaenda benchi tena, benchi likanyamaza, kocha akainamisha kichwa akaishika filimbi yake. Ikawa hivyo wa tatu, wa nne, wa tano.

"Recho," alisema taratibu, "huyu mzee anasubiri aambiwe."

"Aambiwe nini?"

"Kama umeingia. Haioni pete."

Recho alitazama ile video mara mbili zaidi. Kisha akaweka mkono mdomoni. Walikubaliana kutomwambia mtu yeyote, na Marselina akasema ataongea naye mwenyewe, ingawa hakujua ataanzia wapi. Mtu wa umri wa baba yako humwendei ukamwambia haoni.

Alhamisi alimkuta kocha uwanjani peke yake, anamwaga chokaa kwenye mistari.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mama. Leo umewahi."

"Nimewahi ili nijaribu kidogo."

Alichukua mpira, akasogea karibu na nguzo, akamsubiri kocha afike katikati ya uwanja kwa ndoo yake. Kisha akarusha. Mpira ulipita katikati ya pete bila kugusa chuma, ukadunda chini.

"Kocha," akaita, "huo umeingia?"

Kocha Ambokile alibana macho. Halafu akageuka kutazama benchi. Benchini hapakuwa na mtu. Akageuka kumtazama Marselina usoni, na Marselina alikuwa amevaa uso wake wa dirishani, ule ambao hakuna aliyewahi kusoma humo kama faili lake lipo au limepotea. Mpira uliviringika hadi kwenye majani.

"Mama Elina," kocha alisema, "kwa nini unanifanyia hivyo?"

Aliiweka ndoo chini, na Marselina akamfuata pale alipokaa kwenye tofali. Kwa sauti ndogo kocha akamweleza kwamba ni tangu mwaka juzi. Vya karibu anaona vizuri, gazeti anasoma, lakini vya mbali vimekuwa kama vinaonekana kupitia kanga. Hakumwambia mtu, hata mke wake. Alijua watakachosema: mzee apumzike, alee wajukuu. Hawezi kuwa kocha asiyeona pete.

"Kwa hiyo nawatazama nyie," alisema. "Benchi likifurahi, nafurahi. Nimeona inatosha."

"Kocha, mimi nilikuwa nataka kuacha timu."

"Kuacha? Kwa sababu gani?"

"Nikirusha mpira, ninavyokuona usoni, nilijua unanichukia."

Kocha Ambokile alimgeukia kwa mshangao wa kweli, na kwa mara ya kwanza Marselina akauona uso wake ukiwa haujakunjwa. "Nikuchukie wewe? Wewe ndiye ninayekaza macho kukuona kuliko wote, kwa sababu wewe ndiye ninayetaka aingize."

Marselina alijikuta anacheka, na machozi yanamlengalenga humo humo, hata akashindwa kujua aanze na lipi. Kocha akasema kwamba kama ni aibu amekwisha kuipata, basi bora aipate na miwani.

Jumanne iliyofuata alifika nayo, ya fremu nyeusi, imemkaa puani kama ya mtu mwingine. Alisimama katikati ya uwanja, akaitazama pete ya huku, akaitazama ya kule, akatazama miti ya nyuma ya darasa. Holo alirusha mpira, ukaingia, na uso wa kocha ukafunguka kabla mtu yeyote wa benchi hajanyanyua mkono. Mama wa vipuri alimnong'oneza mwenzake kwamba kumbe kocha ana meno mazuri.

Raha hiyo ilidumu dakika kumi. Sasa kocha aliona kila kitu. Aliona Holo anakanyaga mstari karibu kila anaporusha. Aliona muuguzi anashika mpira akiwa amefumba macho. Aliona wale walimu wawili wanapiga soga pembeni wakati wa kukimbia, jambo walilolifanya tangu siku ya kwanza bila kukamatwa. Filimbi haikupumzika jioni ile, na wanawake wakarudi nyumbani wanachechemea na kulalamika na kucheka.

Marselina akawa anaingiza mitano, sita. Alipokosa, uso wa kocha ulisema amekosa, na ukaishia hapo. Ila Recho alikuwa bado na jambo rohoni.

"Kuna video nyingine nilikuwa naogopa kukuonyesha," alimwambia. "Humo uko wewe."

Katika video hiyo Marselina alikuwa amesimama pembeni, na anayerusha, asiyeonekana, alikuwa Holo. Kila Holo alipokosa, Marselina alikunja pua na kugeuza shingo kama aliyefunua chungu akakuta maziwa yamechacha. Hakukumbuka kufanya hivyo hata mara moja. Recho alikuwa amehesabu: baada ya sura ile, Holo alikosa tena mara tisa kati ya kumi na mbili.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kibandani kwa Holo, akamkuta anatia uzi cherehanini.

"Holo, nikuulize. Ukikosa goli, mimi huwa nakutazamaje?"

Holo hakuinua kichwa. "Kama mteja aliyeletewa gauni fupi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unachukia kwa sababu mimi ndiye niliyekuleta, halafu sifungi."

Marselina alivuta kiti akakaa. Alimwambia kwamba hakuwa amechukia hata siku moja, kwamba alikuwa anaujutia mpira, siyo mtu, na kwamba uso ulikuwa unajiendea wenyewe. Holo aliposikia habari za kocha na benchi alicheka hadi uzi ukamkatikia. Wakakubaliana jambo dogo la kufanya uwanjani. Mmoja akikosa, mwenzake hatatabasamu kinafiki wala kununa. Ataonyesha kidole chini ya pete, maana yake, nipo hapa, ukirudi nitauokota.

Wiki moja kabla ya mechi yao ya kwanza Recho alimpima tena. Marselina alikaa kwenye kile kiti akiwa na uhakika kwamba mistari imetulia. Haikuwa imetulia. Mbuzi aliruka karibu vilevile.

"Kwa hiyo sijabadilika," alisema, na moyo ukamshuka.

"Mstari haujabadilika sana. Lakini baada ya sura za kukereka, leo umeingiza sita kati ya kumi. Mwanzo ulikuwa unaingiza miwili."

"Maana yake nini?"

Recho alikuna kichwa kwa kalamu. "Sijui bado. Nina watu ishirini na wawili, siwezi kusema kitu kikubwa kwa mtu mmoja. Labda unashtuka, halafu unarusha hivyo hivyo." Akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

Mechi ilikuwa Kisarawe, Jumapili, dhidi ya timu ya wanawake wa huko ambao nao walikuwa wanaanza. Walikwenda na basi dogo la kukodi, wakazunguka kwa Pugu, barabara ikaanza kupanda ndani ya msitu na hewa ikabadilika. Uwanja ulikuwa mlimani, mwekundu kwa vumbi, na nusu ya mji ilionekana imekuja kutazama. Marselina aliona nyuso nyingi kuliko alizowahi kuziona kwa pamoja, na karibu zote zilimtakia akose.

Aliyemkaba alikuwa Biubwa, mkulima kutoka Kibuta, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima lakini anaruka kama amewekewa springi. Robo ya kwanza Biubwa alimzuia mara nne. Umati ulishangilia, na Marselina akahisi ule mruko ndani ya kichwa, ila sasa alijua ni kitu gani. Aliuacha uruke. Akarusha mpira wa tano, ukaingia. Kule kati kocha alipiga makofi, miwani ikamteremka puani.

Robo ya tatu Holo alikosa mara mbili mfululizo. Mtu wa Kisarawe alipiga vuvuzela. Holo aligeuka kumtazama mwenzake, macho yanaomba radhi, na Marselina tayari alikuwa amenyoosha kidole chini ya pete. Holo akavuta pumzi, akarusha, mpira ukagonga chuma ukarudi, Marselina akaudaka juu ya kichwa cha Biubwa na kuurudisha ndani. Katika mipira iliyofuata, Holo aliingiza mitatu bila msaada wa mtu.

Walifungwa. Ilikuwa kumi na tisa kwa kumi na nane, na goli la mwisho la Kisarawe liliingia filimbi ikiwa mdomoni mwa mwamuzi. Lakini kati ya yale kumi na nane, kumi na moja yalikuwa ya Marselina, na wanawake wa Mkuza na Mbwawa walitoka uwanjani wameshikana mabega kana kwamba wao ndio walioshinda. Kocha aliwaambia, mmoja mmoja, alichokiona kwa kila mtu. Kwa wengine ilikuwa sifa, kwa wengine kazi ya Jumanne.

Wenyeji waliwaandalia wali na samaki, na baada ya wali Biubwa akaleta fenesi la shambani kwake, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, akalipasua kwa kisu kilichopakwa mafuta. Alimkatia Marselina kipande cha kwanza, akakaa karibu naye.

"Dada, unafunga vizuri," alisema. "Ila nikuambie siri, usinikasirikie. Zile nne nilizokuzuia, sikuwa nautazama mpira."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Uso wako. Ukitaka kurusha unauma mdomo wa chini, huu upande wa kushoto. Nikiona hivyo tu, naruka."

Marselina aliacha kutafuna. "Sifanyi hivyo."

"Unafanya. Kila mara."

"Anafanya," Holo alidakia kutoka upande wa pili, mdomo umejaa fenesi. "Mimi nilidhani unajua."

Recho alikuwa ameshaanza kutafuta karatasi kwenye mkoba wake, vidole vyake vinanata. Biubwa alisimama kuonyesha: akanyanyua mikono juu, akakunja magoti, akauma mdomo upande wa kushoto kwa bidii kiasi kwamba kocha Ambokile alilazimika kuvua miwani ajifute macho kwa kucheka. Marselina naye akasimama. Alinyanyua mikono bila mpira, akajaribu kurusha mdomo ukiwa umetulia, akashindwa, akajaribu tena. Basi lilipiga honi. Biubwa akamwambia asubiri, arudie polepole, na safari hii afikirie kwamba kuna fenesi mdomoni.